Sharubu Tatu za Chui wa Makurunge

Usinitazame hivyo. Najua unachowaza: mzee huyu amekunywa kahawa yake, sasa anatafuta mtu wa kumpotezea muda. Sivyo hata kidogo. Mambo haya yamenipata mimi, nimeyaona kwa macho haya. Kama huniamini, pita ndani, nenda chumba cha uani, umwombe mdogo wangu Kondo akufungulie kiganja. Ukiweza kunyoosha hata kidole chake kimoja, rudi hapa barazani uniite mwongo mbele ya watu.

Kazi yetu ilikuwa kuchuna. Sisemi kuchuna mbuzi wa karamu, hilo hata wewe utaliweza. Sisi tulichuna wanyama wa manyoya: mbega, kanu, fungo, mondo, na Mungu akijalia, chui. Enzi zile Wadachi walikuwa hawajaja kutuamrisha, na Wahindi wa Bagamoyo walizitaka sana ngozi hizo, wakizipeleka Unguja na huko mbele nisikokujua. Mnyama wa nyama hata ukimtoboa ngozi si neno. Lakini mbega, na zile nywele zake nyeupe za mabegani, kisu kikiteleza kidogo tu umeharibu kazi ya siku nzima. Unamchuna angali na joto, unamtenga na ngozi yake kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, unapara mafuta na utando, unasugua majivu na chumvi, kisha unaiwamba kwa vijiti, tena kivulini. Juani manyoya yananyonyoka.

Baba yetu ndiye aliyetufundisha. Alipokuwa kitandani, hawezi tena hata kujigeuza, alituita wote wawili, akatupa kila mmoja kanu wake akamchune. Tulipomrudishia zile ngozi alifumba macho, akazipapasa upande wa nyama polepole. Ya Kondo aliipapasa akainyamazia. Ya kwangu kidole chake kilisimama mahali pamoja, karibu na mkia. Kulikuwa na tundu. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama, wallahi, hata wewe usingeliona.

"Kisu atashika Kondo," akasema.

Basi. Mimi mkubwa, niliyembeba Kondo mgongoni, niliyemfundisha kunoa, nikawa msaidizi wake. Watu husema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake, nami nilizipokea nikacheka na watu. Lakini nisikufiche: nilimwonea wivu mdogo wangu mpaka chakula kikawa hakinishuki. Nilimwonea wivu alivyoshika kisu kwa vidole vitatu, kilegevu, kana kwamba hana haja nacho. Mama alikuwa akiniuliza jambo, kisha kabla sijamaliza kujibu anasema, "Ngoja Kondo aje tumsikie." Na lililoniudhi kuliko yote ni kwamba Kondo mwenyewe hakuringa. Angeringa ningemchukia kwa raha zangu. Yeye kila alfajiri alinijia, "Shikamoo, kaka," macho chini, nami namwitikia marahaba huku roho inaniwaka.

Sasa sikiliza. Tulikuwa tumepiga kambi kando ya msitu, juu ya Makurunge, pamoja na wawindaji wa Fundi Mwinshehe. Huyu ndiye alikuwa mkuu wa msafara wetu, mtu wa maneno machache na bunduki mbovu isiyokosa. Kulikuwa na chui aliyekuwa akimaliza mbuzi wa watu mpaka Kerege. Alhamisi moja asubuhi wakampata. Dume, mrefu, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Walimleta kambini amefunikwa uso kwa kipande cha kaniki, maana chui hachunwi huku anatazama watu. Wakati wa kumlaza, ncha moja ya ile kaniki iliangukia makaa, ikaungua. Kumbuka hapo, ncha ya kaniki iliungua.

Chui ana mambo yake, si mnyama wa kuchunwa hivi hivi. Kwanza, mwenye kisu huinama sikioni mwake, akamwambia maneno wanayoyasikia wote: "Kisu ni changu. Jambo lolote, niulize mimi." Hapo wengine wote tunakuwa salama. Kuanzia hapo lawama ya kila kitu cha mnyama yule, mpaka kucha, iko juu ya mtu mmoja. Pili, kabla kisu hakijagusa ngozi, msaidizi hung'oa sharubu moja moja na kuzitupa motoni, watu wamezunguka wanamtazama. Unajua kwa nini. Sharubu ya chui ikikatwakatwa ikatiwa katika chakula, mlaji hufa matumbo yakiwa yametoboka, na hakuna mganga atakayejua amekula nini. Kwa hiyo zinachomwa hadharani, ili kesho mtu akiumwa tumbo asitafutwe mchawi.

Kondo akanoa kisu. Nami, sijui shetani gani alinisukuma, nikamwambia Fundi mbele ya watu, "Huyu wa leo niachieni mimi. Chui mkubwa achunwe na mkubwa."

Fundi Mwinshehe hakunitazama hata usoni. "Kondo atashika kisu," akasema. "Wewe mshikie mguu."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha kambini tu, lakini kiliniingia. Hebu fikiri, kaka mkubwa mwenye ndevu ameinua mguu wa chui juu juu, na mdogo wake aliyenyolewa naye siku moja jandoni ndiye anayepasua. Kondo akaona haya, akanong'ona, "Kaka, kama unataka..." Nikamkatiza: "Fanya kazi yako."

Akainama, akasema maneno yake sikioni mwa chui. Kisha ikawa zamu yangu ya sharubu. Nikawa nang'oa na kutupa, nang'oa na kutupa, na kila moja inalia motoni kidogo kisha inajikunja. Tatu za mwisho hazikufika. Nilizibana kati ya vidole, nikajifuta jasho kiunoni, zikabaki katika pindo la shuka yangu. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikifunga nguoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitaka nini? Usiniulize kwa sauti hiyo. Unajua nilichotaka.

Kondo alichuna chui yule nami nikishika miguu, na niseme kweli, sijaona tena kazi kama ile. Alipita tumboni, akashuka ndani ya mapaja, akavua mkia kama unavyovua ala ya jambia, akazunguka masikio na midomo bila kuacha hata alama. Ngozi ilitoka nzima. Fundi aliiinua juu atazame mwanga, na hapakuwa na mwanga uliopita. Mimi niliitafuta ile punje ya mtama mpaka macho yakaniuma. Haikuwapo.

Jioni nikapika uji, maana kupika kulikuwa zamu yangu. Nikamjazia Kondo kibuyu chake. Mkono wangu mmoja ulikuwa na kibuyu, mwingine ulikuwa kwenye pindo. Nilisimama hivyo kwa muda. Kisha nikajiambia, kesho, leo watu wengi. Nikampa. Kondo alipokea kwa mikono miwili, akanitazama. Alinitazama kwa kitambo, kisha akaunywa wote, mpaka akalamba ukingo. Mimi nikadhani ananidhihaki. Nikadhani anasema moyoni, tazama mkubwa wangu ananipikia. Nikalala na hasira hiyo.

Kesho yake Ijumaa. Wenzetu wote wakashuka Makurunge kuswali. Tulibaki wawili. Kondo hakuweza kwenda kwa sababu aliyefungua chui haingii kwenye watu mpaka ngozi ikauke. Mimi nilibaki kulinda ngozi na mbwa. Jua lilipofika utosini Kondo akachukua visu akaenda kijitoni kuviosha, nami nikaketi bandani ilimowambwa ngozi. Hiyo kaniki ya chui nilikuwa nimeikalia. Iweke akilini hiyo pia.

Kwanza walinyanyuka mbwa. Wanne, wakali, hawamwachi hata mwenye kambi apite bila kubweka. Walinyanyuka kimya, mikia imekaa tumboni, wakaondoka wakifuatana kuelekea walikokwenda wawindaji. Nikawaita, hawakugeuka.

"Hodi," mtu akasema nyuma yangu.

Niligeuka nikamwona amesimama ukingoni mwa kivuli. Mtu mrefu, mtu mzima, kifua wazi, shuka safi, na kichwani amejitanda kaniki iliyoshuka mpaka puani. Sikuwa nimesikia majani makavu yakivunjika. Nikamkaribisha. Na yeye, amini usiamini, mtu mzima yule, akainamisha kichwa: "Shikamoo, kaka mkubwa."

Unajua niliona nini moyoni? Niliona raha. Hatimaye mtu mmoja ameniona mimi.

Akachutama mbele ya ngozi, akanyoosha mkono, akaipapasa kutoka shingoni mpaka mkiani, taratibu, kama baba alivyofanya. "Kazi nzuri," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kidogo. "Haina tundu hata moja. Sijaumia. Nani alishika kisu?"

Sikulisikia lile neno "sijaumia", au nililisikia likapita. Nilisikia swali tu. Miaka yote ile nilikuwa nalisubiri swali hilo. Hakuna Fundi, hakuna Kondo, hakuna wa kunikana. Nikafungua kinywa niseme: mimi.

Ndipo upepo ukainua ile kaniki yake. Ncha moja ilikuwa imeungua. Chini yake mdomo wa juu hauna hata unywele, una vishimo vishimo kama ngozi ya kuku aliyetoka kunyonyolewa, vimekauka vyote. Isipokuwa vitatu. Vitatu vilikuwa vibichi, vinatoka damu, na alikuwa akiilamba damu ile huku ananingoja. Nikaingiza mkono chini yangu kutafuta kaniki niliyoikalia. Nilishika mchanga.

"Vitu vyangu vimenifikia vyote kwa njia ya moto," akasema kwa adabu ile ile. "Vitatu havikufika. Mwenye kisu aliniambia jambo lolote nimwulize yeye. Kwa hiyo nauliza, kaka mkubwa. Kisu ni cha nani?"

"Cha Kondo," nikasema.

"Wewe si ndiye mkubwa?"

"Mkubwa ni mimi, lakini kisu ni chake."

"Labda mlishika pamoja."

"Hapana. Yeye. Baba alimpa yeye. Na alistahili. Mimi sina mkono kama wake, mimi nilishika mguu tu."

Umenisikia? Tangu baba afe sikuwahi kusema maneno yale. Mama aliyangoja, Kondo aliyangoja, mtu yeyote angeweza kunisikia nikiyasema, na leo ningekuwa nakusimulia habari nyingine. Nilimpa mdogo wangu heshima yake siku moja tu, kwa kinywa kipana, siku ambayo heshima ile ilikuwa inamwua. Na sharubu ziko kiunoni mwangu, zinanichoma.

"Yuko wapi?"

"Kijitoni."

"Ahsante, kaka mkubwa," akasema, akaondoka kwa njia ya kijitoni, na majani makavu hayakulia.

Ningeweza kupiga kelele. Kutoka bandani mpaka kijitoni ukiita mtu anaitika. Ningeweza kumkimbilia yule nimwambie, shika, hizi hapa. Niliketi. Sikumbuki niliketi kwa muda gani, ila kivuli cha banda kilikuwa kimenifika magotini. Halafu miguu ikanyanyuka yenyewe, nikakimbia.

Kondo alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, mikono mapajani. Kisu cha baba kilikuwa kimelala kwenye maji machache, kinameta. Nikamwita. Akageuza uso, hana kidonda, hana damu.

"Kaka," akasema, "hebu nifungulie mikono."

Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kuingia kiganjani, vyote kumi, kama wayo wa paka aliyelala. Nikavivuta. Nikavivuta mpaka akalia. Havikufunguka.

"Alikuja mgeni," akaniambia. "Aliniuliza kama kisu ni changu."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ni changu."

"Hakuuliza jingine?"

Akatazama pindo la shuka yangu. "Hakuuliza," akasema.

Niligeuka kando nikalifungua lile pindo. Sharubu hazikuwapo. Palikuwa na matundu matatu kwenye nguo, kila moja la ukubwa wa punje ya mtama.

Tulimpeleka Kondo kwa waganga mpaka Saadani. Akapungwa, akasomewa, akafukizwa, akapakwa mafuta ya simba. Vidole viko vile vile mpaka leo. Fundi Mwinshehe aliniita baada ya mwezi, akanipa kisu cha baba mbele ya wawindaji wote, akasema sasa hakuna mwingine. Basi nimekishika miaka na miaka. Nimechuna mbega wasio na idadi, na chui saba, na sharubu zao nimezichoma mwenyewe zote. Nikuambie jambo la ajabu: tangu siku ile sijatoboa ngozi. Hata moja. Wahindi walikuwa wakiuliza, ngozi hii ya fulani? Wakisikia ni yangu hawaikagui. Kila nilichokuwa nakililia nilikipata, nami nikisifiwa natamani ardhi ipasuke. Na bado wazee wakikutana husema, "Ah, lakini Kondo! Mngemwona Kondo!" Nami, utanicheka, bado roho inanichoma. Namwonea wivu mpaka leo. Usiku yeye analala fofofo, na mimi nahesabu boriti.

Asiye na vidole hajilishi. Mama alipokuwa hai alitaka amlishe yeye, nikakataa. Kila asubuhi namkorogea uji mwenyewe, namnywesha kijiko kwa kijiko. Mama alifariki akiniombea dua. "Mwanangu una moyo," alisema. Niliitikia amina.

Kabla ya kumpa Kondo, kijiko cha kwanza huonja mimi. Sikuwahi kumwambia kwa nini, naye hakuwahi kuuliza. Mpaka mwaka huu, mwanzoni mwa masika, nimeonja, nimejaza kijiko cha pili, akanizuia kwa kile kiganja chake kilichofumba.

"Zilikuwa tatu, kaka," akasema. "Nilikuona ulipojifuta jasho."

Nikakirudisha kijiko kwenye uji. "Mbona hukusema?"

"Mbele ya watu? Wewe mkubwa wangu."

"Na uji wa jioni ile uliunywa."

"Niliunywa."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana," akasema. "Ndiyo maana nilikutazama."

Kisha akafungua kinywa, akangoja.

Ndiyo hayo. Wewe kijana una ndugu, najua, nami nimekuona unavyogeuza uso anaposifiwa. Mwambie. Mwambie leo kwamba anakushinda, hata kama kinywa kitakuwa kichungu. Usingoje mgeni aje kukuuliza adhuhuri, maana utamjibu ukweli wote, na hautakusaidia kitu.

Sasa nipishe nipite. Jua limepanda, na Kondo hajanywa uji.